Kubandika Plastiki ya Kinga kwenye Fremu ya Baiskeli: Mwongozo Kamili kwa Wakazi wa Tanga

Asubuhi yoyote nje ya Soko la Mgandini utazikuta baiskeli zimeegemeana kama ng'ombe zizini, na kila anayechomoa ya kwake huivuta kwa nguvu bila kuangalia pedali yake imechuna fremu ya nani. Mwenye baiskeli mpya hurudi na samaki wake, akainama, akapitisha kidole kwenye alama nyeupe iliyochimbika katika rangi, kisha akaondoka akinung'unika. Kwa watu wa bara alama hiyo ingekaa miaka ikiwa alama tu. Kwetu Tanga hewa hubeba chumvi ya bahari, na chumvi ikitua juu ya chuma kilichochubuka huvuta unyevu hata siku isiyo na wingu, hivyo kutu huanzia hapo hapo na kutambaa chini ya rangi ambayo kwa macho bado ni nzima. Baada ya miezi kadhaa rangi huvimba na kutoka kwa magamba.

Dawa ya kuzuia hayo ni plastiki angavu yenye gundi, inayobandikwa juu ya rangi ili mikwaruzo iishie kwenye plastiki. Kazi yenyewe haihitaji karakana, lakini inahitaji subira, tena subira nyingi zaidi kabla ya plastiki kugusa fremu kuliko baada ya hapo. Punje moja ya mchanga ikinaswa chini ya plastiki, kinga hugeuka msasa: kila mara kitu kinapogonga au kuminya mahali hapo, punje husaga rangi kwa ndani, na mwenye baiskeli haoni chochote mpaka siku ya kubandua. Kwa sababu hiyo sehemu ndefu kuliko zote katika mwongozo huu ni ile ya kusafisha, na msomaji mwenye haraka anaombwa asiiruke.

Kuijua plastiki kabla ya kuinunua

Utakutana na aina mbili zinazofaa. Ya kwanza ni vinili angavu, ile ile wanayoitumia mafundi wa stika za bajaji na vibao vya maduka, nayo huuzwa kwa mita. Ni nyembamba, aghalabu haizidi milimita 0.1, hupatikana kwa urahisi, na kwa msuguano mwepesi wa waya wa breki inatosha kabisa. Adui yake ni jua. Vilainishi vilivyochanganywa ndani yake hupotea kidogo kidogo, plastiki ikawa ngumu na ya manjano, na siku ya kuibandua hukatika vipande vipande huku gundi ikibaki juu ya rangi.

Ya pili ni poliyurithani, ambayo unene wake huwa kati ya milimita 0.15 na 0.2, na ndiyo inayobandikwa kwenye boneti za magari ya thamani. Asili yake ni ya kijeshi: wakati wa Vita vya Vietnam, Wamarekani waliitumia kukinga mapanga ya helikopta zao dhidi ya mchanga na vifusi vinavyorushwa wakati wa kuruka na kutua. Hunyumbuka kama mpira, kwa hiyo jiwe dogo linapoigonga hubonyea na kurudi badala ya kuchanika. Ni ghali ikinunuliwa kwa mita, lakini baiskeli haihitaji mita. Fundi anayebandika magari hubakiwa na vipande vyembamba ambavyo kwake ni takataka, na ukimwendea kwa maneno mazuri unaweza kupata vya kutosha fremu nzima kwa bei ya maelewano.

Usimwamini muuzaji kwa jina tu, kwa kuwa aina zote mbili huitwa stika na zote mbili hung'aa. Omba ukate utepe mwembamba kama uzi wa kiatu, uuvute taratibu kwa vidole viwili, kisha uachie. Poliyurithani hurefuka na kujirudi karibu yote, ilhali vinili hubaki imelegea, pengine na weupe pale ilipovutwa. Selotepu na plastiki ya kujaladia madaftari ziache shuleni. Gundi yake haikukusudiwa jua wala mvua.

Je, rangi ya fremu inaistahimili?

Rangi ya kiwandani kwa kawaida haina tatizo. Tatizo huwa kwenye fremu iliyopakwa upya mtaani, ama kwa brashi ama kwa bomba la upepo, kwa sababu rangi ya namna hiyo mara nyingi hukauka juu kabla ya kukauka ndani. Mvuke wa kiyeyushi huendelea kutoka kwa wiki kadhaa, na ukizibwa na plastiki hujikusanya kama malengelenge ambayo hakuna kadi wala kidole kitakachoyaondoa. Baiskeli iliyotoka kupakwa rangi iache ikae mwezi mzima, na msimu wa masika ongeza wiki mbili.

Baada ya muda huo ijaribu rangi yenyewe. Pindua baiskeli, tafuta mahali pasipoonekana karibu na ekseli ya pedali, bandika kipande cha tepu ya karatasi wanayotumia wapaka rangi, ukandamize kwa kidole gumba, uache dakika chache, kisha uing'oe kwa mkupuo mmoja. Tepu ikitoka safi, endelea. Ikitoka na magamba ya rangi, acha kazi hiyo, kwa kuwa gundi ya plastiki ni kali kuliko ya tepu na itang'oa rangi siku ya kubandua. Chunguza pia nembo na maandishi ya fremu: yaliyofunikwa na vanishi hayadhuriki, lakini yaliyobandikwa juu ya vanishi yatafuatana na plastiki. Na kama rangi ni ile isiyong'aa, jua kwamba plastiki ya kawaida itaifanya ing'ae kwenye kila kipande ulichobandika, na fremu itaonekana ina viraka.

Mahali pa kubandika na namna ya kupima

Hakuna haja ya kuifunika fremu yote. Keti mbele ya baiskeli uliyokwisha kuitumia na uisome, kwani mikwaruzo yake itakuonyesha. Waya za breki husugua ubavu wa bomba fupi la mbele kila usukani unapogeuzwa. Bomba la juu huumia panapoegemezwa na panapozungushiwa mnyororo wa kufuli. Bomba la chini hupigwa kokoto na gurudumu la mbele, hasa kwa anayepita njia za vumbi za kuelekea Pongwe. Mkono wa nyuma, yaani bomba jembamba linalotoka kwenye pedali hadi ekseli ya gurudumu la nyuma, ule wa upande wa cheni ndio unaoteseka kuliko wote, kwa sababu cheni iliyolegea huupiga kila tairi linapoingia shimoni.

Pale miguu ya keria inapofungwa kwa bolti sishauri plastiki hii. Bolti huikaba na kuikata, maji yakaingia na kukaa. Hapo weka kipande cha mpira wa tyubu kuukuu, ambacho kila fundi wa baiskeli wa Ngamiani anacho chini ya benchi lake na hatakudai kitu.

Kwa kupima, zungusha utepe wa karatasi kwenye bomba, weka alama unapokutana, na upime kwa rula. Baiskeli nyingi za chuma za muundo wa zamani zina bomba la juu lenye kipenyo cha milimita 25.4, yaani mzunguko wa karibu milimita 80, na bomba la chini la milimita 28.6, lenye mzunguko wa karibu milimita 90. Kata plastiki iwe pungufu ya mzunguko kwa milimita 5 hadi 10 ili kingo mbili zisikutane, na pengo hilo lielekee chini. Plastiki iliyopandiana yenyewe huacha mfereji mwembamba ambao maji hujificha humo, kisha ukingo wa juu huinuka na kukusanya uchafu mweusi. Kwa mkono wa nyuma, ambao huwa mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, usilazimishe mstatili. Tengeneza kwanza kielelezo cha gazeti, ukizungushe, ukate kinapozidi, na ukisharidhika ndipo ukihamishie kwenye plastiki.

Kona zote zikatwe kwa mviringo. Weka sarafu ya shilingi 200 kwenye kona, chora robo ya ukingo wake, kata kwa mkasi mkali kwa mkato mmoja usiosita. Kona yenye ncha ndiyo inayoinuka kwanza, kwa kuwa suruali na vidole hunasa hapo. Ukataji wote ufanyike mezani. Anayekata kwa wembe plastiki ikiwa tayari juu ya fremu hukata na rangi pia, na hivyo kuchora kwa mkono wake mwenyewe mkwaruzo ule ule aliokuwa anaukimbia, tena ulio chini ya ukingo ambapo unyevu hupenda kukaa.

Saa na mahali pa kufanyia kazi

Muda mzuri ni saa moja hadi saa tatu asubuhi, kabla chuma hakijapata moto. Weka kiganja juu ya bomba: likiwa la baridi au vuguvugu hafifu, anza, likiwa na joto la kukufanya uondoe mkono, subiri kesho. Juu ya chuma cha moto gundi hushika papo hapo kabla hujaisogeza plastiki mahali pake, na maji ya sabuni hukauka yakaacha michirizi isiyotoka.

Fanyia kazi ndani, au kwenye baraza iliyofungwa upande wa upepo. Kaskazi na kusi zote mbili hubeba vumbi, na mti wa mwembe unaokupa kivuli kizuri hukudondoshea utomvu na maua. Nyunyizia sakafu maji kidogo ili vumbi litulie, zima feni, na uvae fulana isiyotoa nyuzi.

Kusafisha

Anza kwa maji mengi bila kugusa. Mimina au nyunyizia fremu nzima kuanzia juu kwenda chini, ili chumvi na mchanga viondoke kwa uzito wa maji, kwa sababu kitambaa kikitangulia kabla ya maji hukokota punje juu ya rangi na kuikwaruza. Baada ya hapo andaa ndoo mbili, moja ya maji yenye sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na nyingine ya maji matupu. Chovya sponji kwenye sabuni, osha sehemu ndogo, isuuze sponji kwenye ndoo ya pili, ndipo uirudishe kwenye sabuni. Ukiangalia chini ya ndoo ya pili baada ya bomba moja tu utaona mchanga uliotulia, na utaelewa kwa nini ndoo moja haitoshi.

Grisi ya cheni haitoki kwa sabuni. Iloweshe kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, futa, lakini usidhani umemaliza, kwani mafuta ya taa nayo huacha utando wa mafuta ambao gundi haiukubali. Osha tena kwa sabuni mara mbili. Lami hutoka kwa njia hiyo hiyo. Petroli isitumike, kwa hatari ya moto na kwa sababu rangi nyingi za mtaani hulainika ikizigusa.

Fremu ikishakauka itaonekana safi, na hapo ndipo macho hudanganya. Vaa kiganjani plastiki nyembamba (mifuko ya rambo haipo tena madukani tangu katazo la Juni 1, 2019, lakini kifungashio cha mkate kinafaa) na upitishe vidole polepole juu ya rangi. Plastiki hiyo hukuza hisia kwa namna ya kushangaza: rangi iliyoonekana laini kama kioo itakuwa na vijipunje kama ganda la chungwa. Vingi ni chumvi iliyogandamana na vumbi la chokaa. Lowesha mahali hapo kwa maji ya sabuni, viondoe kwa ukucha uliofunikwa kitambaa kilicholoa, na upime tena. Ukikuta doa la kutu, usilifunike. Lisugue kwa msasa laini mpaka chuma king'ae, lipake rangi, na uliache lipate muda wake kama nilivyoeleza juu, kwa sababu kutu iliyofunikwa ikiwa na unyevu wake huendelea kula kama kawaida.

Hatua ya mwisho ni spiriti. Changanya nusu spiriti na nusu maji, lowesha kitambaa safi, futa bomba kwa mwelekeo mmoja, geuza kitambaa upande mwingine kisha futa tena. Jaribu kwanza mahali pa siri: kitambaa kikitoka na rangi, spiriti inaiyeyusha rangi hiyo, na itakubidi utosheke na sabuni na maji.

Kitambaa kiwe fulana ya pamba iliyofuliwa mara nyingi. Kanga mpya ina wanga na hutoa nyuzi. Baada ya spiriti mikono isiguse tena rangi, hasa mikono iliyopaka mafuta ya nazi asubuhi, ambayo kwetu ni karibu mikono yote.

Naeleza haya kwa urefu kwa sababu niliwahi kuyadharau. Fremu yangu ya kwanza niliisafisha kwa kitambaa kimoja na nikabandika mchana wa Jumapili, barazani, upepo ukivuma. Nikaona kijinukta kimoja juu ya bomba la juu, nikajiambia kwamba hakuna atakayekiona. Mnyororo wa kufuli ulikuwa ukiegemea hapo hapo kila siku. Nilipokuja kuibandua plastiki ile miezi kadhaa baadaye, chini ya kijinukta kulikuwa na tundu la ukubwa wa punje ya mtama lililotoboa rangi mpaka kwenye chuma, likiwa na pete ya kutu pembeni, ilhali bomba lote lililobaki liling'aa kama siku ya kununuliwa.

Maji mawili

Utahitaji chupa mbili za kunyunyizia. Ya kwanza ni ya kutelezesha: lita 1 ya maji na matone 5 hadi 8 ya sabuni ya vyombo au shampuu ya watoto. Sabuni ikizidi, gundi huchelewa kushika na kingo huteleza. Ya pili ni ya kushikisha: vipimo 3 vya maji kwa kipimo 1 cha spiriti, bila sabuni. Spiriti husukuma sabuni itoke na hukauka upesi, hivyo gundi hushika pale unapotaka ishike. Kama rangi yako ilishindwa jaribio la spiriti, tumia maji matupu badala yake na ukandamize kwa muda mrefu zaidi.

Maji ya kisima cha karibu na bahari hayafai, kwani chumvi na chokaa yake hubaki chini ya plastiki kama ukungu mweupe, na kuyachemsha hakuondoi chumvi. Maji ya bomba yanayotoka bwawa la Mabayani kwenye Mto Zigi yanafaa ukiyachuja kwa kitambaa kizito. Ya mvua au ya chupa ya kunywa ni bora zaidi. Wapo wanaoshauri maji ya betri. Ushauri huo una hatari, kwa sababu dukani jina hilo hutumika kwa maji safi ya kuongezea na wakati mwingine kwa asidi yenyewe, na asidi itakula rangi, plastiki na vidole vyako pamoja.

Kubandika

Pata msaidizi, angalau kwa kipande cha bomba la juu. Nyunyizia maji ya sabuni vidole vyenu wote wawili, kisha bomba zima mpaka lichuruzike. Kuachanisha plastiki na karatasi yake, usikune kona kwa ukucha. Bandika vipande viwili vidogo vya tepu, kimoja juu na kimoja chini ya kona hiyo hiyo, uvivute kwa kutofautiana. Msaidizi ashike kona mbili, wewe uvute karatasi polepole huku ukinyunyizia upande wa gundi unapofunuka. Gundi isiyo na maji ikigusana yenyewe haitaachana bila kuharibika, na gundi yenye alama kavu ya kidole itaonyesha alama hiyo daima.

Weka plastiki juu ya bomba ukianza na mstari wa kati. Ikiwa maji yanatosha itaelea na utaweza kuisogeza huku na huku. Ikigoma, inua upande mmoja unyunyizie tena. Ikishakaa sawa, shikilia mwisho mmoja, inua kidogo ukingo wake, nyunyizia maji ya spiriti, uurudishe na ukandamize kwa kidole gumba kwa dakika nzima. Hiyo ndiyo nanga yako. Mzee mmoja fundi wa stika pale Barabara ya Kumi na Mbili, nilipomwamkia na kumwomba anionyeshe, aliniambia neno moja tu: "Mwanangu, maji uyasindikize, usiyafukuze." Nimelikumbuka kila mara.

Kuyasindikiza maji ni hivi. Chukua kadi ya benki iliyokwisha muda, izungushie kitambaa laini kilicholoa, na kuanzia kwenye nanga sukuma kwa ulalo kutoka mstari wa kati wa bomba kuelekea ukingo, kwanza upande mmoja kisha wa pili, kila mpigo ukipanda nusu ya mpigo uliotangulia. Mara ya kwanza iwe nyepesi, ya kuondoa maji mengi. Mara ya pili ikandamize. Kwenye bomba la mviringo kadi hugusa mstari mwembamba tu, kwa hiyo malizia kwa kidole gumba kilichofungwa kitambaa, kikipita kila sehemu. Ukianzia kwenye kingo kwenda kati utayafungia maji, na hakuna pa kuyatolea isipokuwa kwa kuanza upya.

Malengelenge, mikunjo na kingo

Lengelenge la maji ni bapa na husogea ukilibonyeza. Madogo yaache, kwani yatatoka yenyewe kwa siku chache. Lengelenge la hewa ni mviringo na hurudi kila ukilibonyeza; likiwa karibu na ukingo, inua ukingo huo, nyunyizia na usukume tena; likiwa katikati, litoboe kwa sindano nyembamba iliyolazwa ulalo ili ncha isifike kwenye rangi, kisha likandamize. Uvimbe wenye kilele kidogo na ukungu unaouzunguka kama hema ni punje. Huo usiuache. Inua plastiki mpaka hapo, mimina maji ya sabuni, toa punje kwa ncha ya kidole kilicholoa, kagua upande wa gundi pia, na urudishe.

Mikunjo hutokea kwenye mkono wa nyuma kwa sababu plastiki bapa inalazimishwa kufuata umbo lisilo bapa. Inua sehemu yenye mkunjo, ipashe joto kwa draya ya nywele ukiishika sentimita 20 hivi kutoka kwenye plastiki, ivute kidogo kuelekea upande mwembamba, uilaze. Poliyurithani hukubali, vinili hukubali mara moja na hukataa mara ya pili. Umeme ukiwa umekatika, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa hufanya kazi hiyo, ingawa polepole. Jiko la mkaa na kiberiti visikaribie, kwani spiriti bado iko hewani.

Kingo zishughulikiwe mwisho. Zikaushe kwa kitambaa, zipashe joto, zikandamize kwa kidole sentimita baada ya sentimita. Ukingo unaoinuka mara mbili karibu kila mara una mafuta chini yake. Uinue kwa milimita chache, pitisha kitambaa chenye spiriti, uache ukauke, ndipo uubonyeze.

Siku za mwanzo na matunzo

Gundi ya namna hii hushika kwa mgandamizo na huongeza nguvu kwa siku kadhaa. Baiskeli isiendeshwe kwa saa 24, isioshwe kwa siku 3, na isipelekwe kwa waoshaji wenye mashine ya maji ya kasi kwa wiki moja; hata baadaye maji ya kasi yasielekezwe kwenye kingo. Plastiki ikionekana na ukungu kama maziwa siku ya pili, usifadhaike, kwa kuwa ni maji yanayotoka taratibu. Wakati wa kiangazi hutoweka mapema, lakini mwezi wa Aprili nimeshuhudia ikichukua zaidi ya wiki mbili.

Baada ya hapo matunzo ni machache. Osha kwa maji mengi na sabuni kila wiki, hasa ukiwa umepita njia ya Raskazone wakati bahari imechafuka. Mstari mweusi ukijitokeza kwenye kingo, uondoe kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Fundi anayesafisha cheni aombwe asimwage mafuta ya taa juu ya mkono wa nyuma, kwa sababu hupenya ukingoni na kulainisha gundi.

Kuibandua

Vinili iliyo juani kila siku sishauri ipitishe miaka miwili. Ibandue ikiwa bado laini, hata kama haijakwaruzika. Poliyurithani ibanduliwe inapogeuka manjano au inapokuwa na mipasuko. Ipashe joto mpaka iwe ya moto kwa kugusa lakini isiyounguza, inua kona kwa ukucha, na uivute polepole ukiirudisha juu yake yenyewe, karibu na usambamba wa bomba. Ukiivuta wima kwenda juu, nguvu yote huelekea kwenye rangi. Ikianza kukatika, pasha tena joto badala ya kuongeza nguvu.

Gundi iliyobaki ipake mafuta ya kupikia, iache kwa robo saa, kisha isukume kwa kidole gumba. Itajikunja kama ugali unaokwaruzwa kwenye sufuria. Osha kwa sabuni, na kabla ya kukata kipande kipya pitisha tena kiganja chenye plastiki ya mkate juu ya bomba zima, kwani rangi iliyokuwa imefunikwa itakuwa laini, lakini ile iliyokuwa kwenye pengo la chini itakuwa imekusanya chumvi ya muda wote huo.